Digrii Kumi

Najua nimepotea, wiki ya tatu hii sijaandika kitu. Sikuwa naumwa wala sijafukuzwa chuo. Nilikuwa gereji ya mwenye nyumba wangu, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, nahangaika na kigari chake. Ningeweza kuwasimulia tangu Jumapili ila, kusema kweli, nilikuwa na aibu.

Kwa ambao hamjawahi kuona: huku Uingereza kuna watu hawanunui gari, wananunua fremu na bodi ya faiba, halafu injini, gia na difu wanazitoa kwenye gari bovu na kuunga wenyewe nyuma ya nyumba. Vingi vinafuata umbo la Lotus Seven ya mwaka 1957. Hakina mlango, hakina paa la maana, ukikaa makalio yako karibu yanagusa lami. Cha mzee wangu kina injini ya Ford Pinto, lita 2, iliyotoka kwenye Sierra, na kabureta mbili za Weber zimelala ubavuni. Alikiunga peke yake, kila nati anaijua. Asubuhi ya baridi kinagoma kuwaka, kikiwaka kinanuka petroli mtaa mzima. Mimi nilikuwa natafuta mradi wa mwaka wa mwisho. Basi bwana, tukakubaliana: nitoe kabureta na distributa, niweke nozeli na moto wa kompyuta. Sharti lake lilikuwa moja tu, kabureta zisiuzwe mpaka aridhike.

Kabureta ni kitu cha kunyonya. Hewa inapita kwenye koo jembamba, inakimbia, presha inashuka, petroli inavutwa kutoka kwenye bakuli kupitia vitundu. Mjomba wangu pale Ilala alikuwa anarekebisha kwa sikio na bisibisi, kichwa amekiinamisha kama daktari. Nozeli hazisubiri kunyonywa. Pampu inasukuma petroli kwa presha kama ya bar 3, nozeli inafunguka kwa elfu chache za sekunde na kufunga, na kompyuta ndiyo inaamua muda huo kwa kuangalia presha ya hewa kwenye manifodi, mizunguko na joto. Kwa hiyo mipira yote ya petroli tulitupa. Ya zamani ilizoea presha isiyofika hata nusu bar, ukiipa 3 unatafuta moto wa kweli. Hapo mzee hakutaka ubishi, na alikuwa sahihi.

Kompyuta yenyewe ni MegaSquirt, kazi ya Wamarekani wawili, Bruce Bowling na Al Grippo, walioianzisha mwaka 2001. Uzuri wake unaweza kununua vipande ukalehemu mwenyewe, bei inashuka. Kumbukeni hilo neno, kulehemu.

Upande wa moto nilitumia mtambo wa Ford unaoitwa EDIS, nimeutoa kwenye Escort ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwenye vyuma chakavu. Unafunga gurudumu la meno kwenye puli ya kranki. Nafasi ni 36, kila moja digrii 10, lakini jino moja limeondolewa. Sensa inahesabu meno, ikikuta pengo inajua kranki iko wapi. Kwa injini ya silinda nne, pengo linapita mbele ya sensa digrii 90 kabla pistoni ya kwanza haijafika juu. Kisanduku cha EDIS kinaipelekea MegaSquirt habari za mzunguko, MegaSquirt inarudisha jibu kwa waya mmoja: safari hii choma moto digrii kadhaa kabla ya juu. Yaani ni wawili wanaoongea.

Ijumaa ile tukapiga stata. Mara ya tatu ikawaka! Mzee alinishika bega, mimi nikapiga picha na kumtumia kila mtu. Nilijiona injinia kamili.

Kesho yake tukatoka barabarani. Kha! Gari zito kama limebeba saruji. Ukikanyaga mafuta linaguna tu. Nikamwambia mzee ni mambo ya kurekebisha, nikafungua laptopu. Mizunguko 3,000, moto digrii 28, kila kitu kizuri kwenye skrini. Nikaamua tatizo ni petroli. Siku tisa nzima nikawa naongeza na kupunguza mafuta, naandika namba, nakosa vipindi. Siku moja jioni, giza limeanza kuingia, nikaona mabomba ya ekzosi yamekuwa mekundu kama kaa la mkaa, shubiri moja tu kutoka bodi ya faiba. Nikazima haraka.

Hapo ndipo nilipofanya kitu ninachokionea aibu. Nilimwambia mzee, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba injini yake imechoka. Nikamwambia huenda gasketi ya hedi imekwisha, au valvu hazifungi vizuri, kwa sababu mtambo wangu ninaouona kwenye skrini hauna kasoro. Hakubisha. Alikaa kwenye ndoo, akaangalia ile injini aliyoifungua na kuifunga mwenyewe, halafu akasema sawa, ataagiza gasketi. Aliilipia siku ileile.

Jumapili asubuhi tukaanza kulegeza bolti. Kabla ya kumwaga maji akasema, ngoja kijana. Akatoa kwenye droo taa ya taimingi, ile ya kushika kama bastola, unaibana kwenye waya wa plagi na inamulika kila moto unapochoma. Akaniambia niwashe injini, nipandishe mizunguko taratibu. Akamulika alama kwenye puli. Digrii 10. Nikapandisha mpaka 2,000. Digrii 10. Kufika 3,000, laptopu inasema 28, alama kwenye puli bado 10, haijasogea hata unywele.

Nilihisi damu imeniishia mwilini. EDIS ilitengenezwa hivyo: ikikosa jibu la kompyuta haizimi gari, inashikilia digrii 10 ili ufike nyumbani. Yule mmoja alikuwa anaongea na mwenzake hasikii. Na laptopu haikudanganya, ilionyesha ilichoagiza. Mimi ndo nilisoma agizo nikadhani ni taarifa ya kilichofanyika. Moto ukichelewa, petroli inaendelea kuungua wakati valvu inafunguka, joto linakimbilia kwenye ekzosi, nguvu inapotea. Dalili zote nilikuwa nazo, hata wekundu wa bomba!

Nikafuata ule waya mmoja. Kwenye plagi nyuma ya kisanduku, nilipolehemu saa saba usiku, risasi ilikuwa imeukalia waya bila kushikana nao. Niligusa tu ukatoka.

Kulehemu upya kulichukua dakika nne. Tukawasha, tukamulika: alama ikapanda pamoja na mizunguko mpaka 28. Mchana tukaenda kama kilomita thelathini, mzee anaendesha, upepo unanitoa machozi (nasema upepo). Bado linaguna kidogo ukikanyaga ghafla, hilo sasa kweli ni la petroli.

Niliomba radhi kwa lile neno la injini kuchoka. Akasema gasketi haiozi, ataiweka. Nilitaka kuilipa, akakataa, ila amesema kabureta bado haziuzwi. Ziko chini ya meza yake, amezifunga kwenye taulo.

Ripoti natakiwa kuikabidhi Ijumaa. Zile siku tisa nilikuwa nimeziandika "marekebisho ya awali ya mafuta". Usiku huu nimefuta sentensi hiyo na nimebakiza kurasa tatu za kuandika upya. Ngoja nichemshe chai.