Maisha ya Kazi kwenye Mkongo, Kobero hadi Gitega

Faiba ya mawasiliano ni uzi wa kioo wenye unene wa maikromita 125, na ndani yake mna kiini cha maikromita 9 hivi. Kioo cha kiini kimechanganywa na germani kidogo, hivyo mwanga ukigonga mpaka wake na kioo cha nje hurudi ndani na kuendelea na safari. Kwa Burundi, nchi isiyo na bahari, uzi huo ulileta mabadiliko makubwa. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. Kutoka Dar es Salaam, mkongo wa taifa wa Tanzania ulipanda bara hadi Kabanga, wilayani Ngara, ng'ambo tu ya mpaka wa Kobero. Upande wa pili, Burundi Backbone System, muungano wa kampuni za mawasiliano ulioungwa mkono na serikali na Benki ya Dunia, ulijenga mkongo wa zaidi ya kilomita 1,000, ukazinduliwa mwaka 2014.

Fundi anayesimuliwa hapa aliingia kazini kwa sururu, kijana wa Muyinga miongoni mwa vijana wengi waliochimba kando ya barabara. Mtaro wa faiba hulengwa kwenda chini mita moja au zaidi. Chini hutandazwa udongo laini au mchanga, hulazwa mabomba ya plastiki ngumu, hufukiwa nusu, kisha huwekwa utepe wa onyo kabla ya kujaza juu. Kwenye daraja kebo hupita ndani ya bomba la chuma. Milima ya kwao ina udongo mwekundu unaochimbika vizuri wakati wa kiangazi, lakini mvua ikinyesha kuta za mtaro huporomoka, na mabondeni maji hujaa upesi kuliko yanavyotekwa. Hapo ndipo msimamizi mwenye haraka huridhika na sentimita 60. Baada ya miaka mingi ya kutengeneza kebo zilizokatwa, fundi huyu anashikilia kwamba kina cha mtaro kina uzito kuliko ubora wa kebo yenyewe. Jembe la mkulima na greda la barabara havijali kebo ilinunuliwa kwa bei gani.

Kebo ilifika kwa malori, imezungushwa kwenye ngoma kubwa za mbao, kila ngoma ikiwa na kilomita kadhaa. Burundi haina kiwanda chake. Namna inavyotengenezwa aliijua baadaye, alipopelekwa mafunzoni. Gesi zenye silikoni na germani hupitishwa kwenye moto, zikaacha ungaunga wa kioo safi ambao huyeyushwa kuwa fimbo nene. Fimbo hiyo hupandishwa juu ya mnara, ncha yake ikaingia kwenye tanuri la nyuzijoto 2,000 hivi za Selsiasi, na kutoka hapo uzi huvutwa kuelekea chini, ukipakwa plastiki hadi kufikia maikromita 250 kabla haujaguswa na chochote. Usafi ndio siri yote. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham walieleza kwamba kinachomeza mwanga ni uchafu uliomo ndani ya kioo, na mwaka 1970 watafiti wa Corning, Marekani, wakapata uzi uliopoteza desibeli 17 kwa kilomita. Uzi wa leo hupoteza takriban 0.2, maana yake baada ya kilomita 15 nusu ya mwanga bado ipo.

Nyuzi kumi na mbili hukaa ndani ya kijibomba chenye jeli, kila moja na rangi yake: buluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, waridi na samawati. Vijibomba husokotwa kuzunguka fimbo ya kati, vikafungwa kwa nyuzi imara za aramidi na ganda jeusi. Kebo haivutwi kwa nguvu ndani ya bomba la ardhini. Hupulizwa kwa hewa ya kompresa huku mashine ikiisukuma taratibu.

Alipotolewa mtaroni akawekwa kwenye uungaji wa nyuzi, maisha yake yalibadilika. Kazi hiyo hufanyika ndani ya hema au gari lililofungwa, kwa sababu vumbi la Kobero, ambako malori ya mizigo hupanga foleni mchana kutwa, huharibu ungio kabla halijaanza. Kwanza huvishwa uzi kijibomba kidogo cha kinga. Fundi akisahau, hulazimika kukata na kuanza tena. Kisha plastiki huvuliwa, kioo hupanguswa kwa alkoholi, na ncha hukatwa kwa kisu maalumu ili iwe wima kabisa. Mashine hutazama ncha mbili kwa kamera, huzipanga, na cheche ya umeme huziyeyusha ziwe uzi mmoja. Ungio zuri hupoteza chini ya desibeli 0.1. Kijibomba husogezwa juu yake na kupashwa moto, uzi ukalazwa kwenye trei ndani ya kasha lisilopitisha maji, na mita kadhaa za kebo huachwa zimezungushwa ndani ya chemba. Watu wa hesabu huziona mita hizo kuwa hasara. Kwa fundi ni akiba ya siku kebo itakapokatwa.

Kupima hufanywa kwa OTDR, chombo kinachotuma mpigo wa mwanga na kusikiliza unaorudi. Mwanga hutumia milisekunde 5 kwa kila kilomita 1,000 za kioo, hivyo muda wa kurudi huonyesha umbali wa kila ungio. Mpakani huunganishwa kebo za watengenezaji tofauti, na hapo chombo huweza kudanganya: kikipima kutoka upande mmoja, ungio huonekana kana kwamba limeongeza mwanga. Ndiyo maana hupimwa kutoka pande zote mbili na kuchukuliwa wastani.

Nyuzi huishia kwenye kabati la chumba cha mitambo, ambako vifaa vyenye leza hugeuza umeme kuwa mwanga. Kwenye safari ndefu, kila baada ya kilomita 80 hivi, mwanga huongezwa nguvu. Kutoka Muyinga njia moja huelekea Ngozi na nyingine Karuzi hadi Gitega. Mji huo ulipofanywa makao makuu ya kisiasa mwaka 2019, ofisi zake zikahitaji laini nyingi zaidi.

Sasa fundi huyu anasimamia matengenezo. Kebo ikikatwa, OTDR hutaja kilomita, kikosi hutembea kando ya barabara hadi kwenye udongo uliofukuliwa, akiba huvutwa kutoka chemba ya karibu, na nyuzi zinazobeba huduma huungwa kwanza. Zikiisha zote, hupimwa upya kutoka ncha mbili, na mahali pa ungio jipya huandikwa kwenye ramani ya njia.