Kijiti

Mwezi wa kumi kuna wiki mbili, tatu hivi, ambapo bahari ya Msambweni haina mwenyewe. Kusi imechoka, kaskazi haijafika. Wazee huita kipindi hiki maleleji. Alfajiri upepo unatoka bara, mchana unakatika, jioni unazungukazunguka kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani. Na maji yanatakata. Tangu mwezi wa nne kusi imekuwa ikivuruga mchanga na kutupa mwani ufuoni. Sasa ukiinama ubavuni mwa ngalawa, nje ya mwamba, unaona matumbawe kule chini na kivuli cha ngalawa yako kikitambaa juu yake. Haidumu. Vuli ikishika kule Shimba, Mto Mkurumudzi unateremsha tope hadi Gazi, Ramisi nao unafanya vivyo hivyo upande wa Funzi, na ule uangavu unapotea.

Uvuvi wangu wote wa maana nimeufanya katika wiki hizo.

Kijiti chenyewe nilikipata Diani. Nilikuwa nasafisha vyumba hotelini. Kulikuwa na mgeni mmoja aliyekuwa akienda baharini kila asubuhi na kurudi mikono mitupu, na furaha tele. Siku ya kuondoka aliniachia kitandani samaki wa mbao, urefu wa shubiri, pamoja na karatasi yenye jina langu na sahihi yake. Karatasi ile ilikuwa muhimu kuliko samaki. Bila karatasi, askari wa getini akikupekua, wewe ni mwizi.

Tarehe 25 Machi 2020 ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Hoteli ikatuambia twende nyumbani tungoje simu. Nikangoja. Kodi ya chumba haikungoja. Nikafunga begi, nikapanda matatu ya Msambweni, kijiti nikiwa nimekivisha soksi kwa sababu ya zile ndoana zake za miba mitatu mitatu.

Nilirudi kwa Mjomba. Kwa Wadigo mjomba si mtu wa kusalimiwa sikukuu tu. Zamani mali ilishuka kwa watoto wa dada, na ingawa dini na serikali zimebadilisha hilo, mjomba bado anakutazama kama anayekagua mrithi. Wangu ana ngalawa moja, na maisha yake yote amevua kwa mshipi wa mkono: ndoana, chubwi, kipande cha ngisi, na subira. Anashusha chini, anaweka mshipi kwenye kidole cha shahada, anangoja changu agonge. Miezi ile ya kusi nilikaa naye ndani ya mwamba, nikakata ngisi, nikakomba maji ngalawani, nikatapika mara mbili. Hakuniambia pole hata mara moja.

Mwezi wa kumi ulipofika nikamtolea kile kitu. Akakigeuzageuza mkononi.

"Hiki nacho ni nini?"

"Ni chambo, Mjomba."

"Chambo cha nani? Hiki ni kijiti."

Na kweli ni kijiti. Kuna samaki wa bandia wenye ulimi wa plastiki mdomoni. Ukiwavuta tu, maji yanausukuma ule ulimi na samaki anatikisika mwenyewe. Kijiti hakina ulimi. Kimechongwa kama sigara nene, uzito umefichwa upande wa mkia ili kiruke mbali, na ukikirusha majini kinakaa kama mti uliokatika. Uhai wote unatoka kwenye kiwiko chako. Unavuta kidogo, kinapinda kushoto. Unalegeza, unavuta tena, kinapinda kulia. Ukikosea mpigo, unaburuza ukuni.

Fimbo na rili nilinunua kwa kijana aliyekuwa baharia wa boti za watalii, naye pia alikuwa amerudishwa nyumbani. Shilingi 4,500. Pesa zile nilimkopa mama, naye alikuwa ameziweka kwa ajili ya sare ya shule ya mdogo wangu. Nilimwambia nitarudisha kwa wiki mbili. Sijui nilikuwa najidanganya nani.

Wiki ya kwanza sikupata kitu. Na ubaya wa maji maangavu ni kwamba unaona aibu yako yote. Kwenye maji ya tope samaki akikukataa hujui, unajipa moyo kwamba hayupo. Pale kwenye mlango wa mwamba niliwaona kolekole wakipanda kutoka kwenye weusi wa kilindi, watatu, wanne, wakakifuata kijiti changu hadi karibu na ngalawa, wakakitazama, kisha wakageuka. Wote pamoja, kama wazee wanaotoka kwenye kikao kisicho na maana. Nilikuwa nimetazama video nyingi za Wajapani na Waaustralia, wanavuta kwa nguvu, samaki anapasua maji. Nami nikavuta kwa nguvu. Nikaongeza kasi. Wakageuka mapema zaidi.

Siku ya nne au ya tano Mjomba, ambaye hakuwa amesema lolote, aliweka mshipi wake chini.

"Wewe wamkimbiza."

"Eeh?"

"Huyo samaki wako. Wamkimbiza kama ana haraka. Samaki aliyeumia hana haraka. Huenda, akachoka, akasimama. Mlegeze. Hawa wakuona, maji si maziwa haya."

Kisha akaniambia jambo ambalo lilinifanya nijione mjinga wa kulipia intaneti. Ujanani, wakirambaza kwa tanga kufuata nguru, walikuwa wakifunga kwenye ndoana nyuzi nyeupe zilizochomolewa kwenye gunia. Hakuna ngisi, hakuna dagaa. Nyuzi tu. Tanga likipoa upepo, nyuzi zinazama kidogo, likishika, zinaruka. "Hapo kwenye kupoa ndipo alipokula," akasema. "Si kwenye mbio."

Nikabadilisha. Pale mbele nilipofunga nailoni nene iliyoonekana kama kamba ya nguo, nikaweka nyembamba. Nikarusha mbali zaidi ili kivuli cha ngalawa kisiwatangulie. Tukaanza kutoka alfajiri, kabla jua halijapanda. Na nikajifunza kuhesabu: vuta, vuta, lega, moja, mbili. Kwenye mbili, asubuhi ya maji kujaa, kolekole wa kwanza alikuja kutoka pembeni ambako sikuwa natazama. Sikuona akila. Niliona kijiti, kisha sikukiona. Rili ikalia. Mjomba akashika kasia akaigeuza ngalawa itutoe kwenye mwamba, maana kolekole akishikwa anakimbilia mawe akakate mshipi, na akawa anacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka baharini.

Kilo saba na nusu kwenye mizani ya tajiri. Mama alipata pesa zake baada ya wiki tano. Sare ilikuwa imeshashonwa kwa mkopo mwingine.

Sasa tuje kwenye lile lililotugombanisha.

Watalii walirudi taratibu. Mwaka 2022 kijana mmoja wa Diani aliyejua habari zangu akaniletea mteja: shilingi 8,000 kwa asubuhi moja, ngalawa ya Mjomba, fimbo zake mwenyewe. Sharti lake moja, kila samaki arudishwe majini. Ndoana zake hazikuwa na kigumba hata moja, alikuwa amezisaga. Mimi nilikubali kwenye simu. Mjomba sikumwambia. Nilijua atasema nini.

Saa moja na nusu asubuhi mteja alishika kolekole mkubwa kuliko wote niliowahi kuwaona kwa macho yangu. Tulipigana naye, nasema tulipigana kwa sababu ngalawa nzima ilikuwa vitani, hadi Mjomba akamkamata mkia kwa mikono miwili. Kama kilo ishirini. Mteja akapigwa picha, akamshusha majini, akamshika kichwa kikielekea mkondo hadi matamvua yakaanza kufanya kazi, akamwachia. Akazama polepole, maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba tulimwona kwa muda mrefu sana.

Mjomba alibaki na mikono imelowa. Hakusema kitu mpaka tulipomshusha mteja na kuvuta ngalawa mchangani. Kina mama karanga walikuwa wameshakaa na beseni zao, wakatutazama, wakaona ngalawa tupu.

"Umenifanya mimi nimshike riziki mkononi niirudishe," akasema. "Mbele ya watu."

Nikamhesabia. Tajiri angetupa shilingi 300 kwa kilo, yaani elfu sita, na hizi hapa elfu nane taslimu, na samaki bado yuko hai. Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Naikumbuka hesabu ile kwa aibu. Alichukua nusu yake, akaikunja, akaniambia nikitaka kucheza nitafute ngalawa ya kuchezea.

Siku tisa hatukutoka pamoja. Mkewe ndiye aliyenieleza, akinimiminia chai: siku ile hapakuwa na kitoweo. Pesa ilikuwapo, ndiyo, lakini mume wake alikuwa ametoka baharini na kwenda kununua samaki sokoni, na muuzaji akamuuliza kama anaumwa.

Nilikwenda kumwomba radhi. Tukakubaliana, au tuseme aliniagiza: kitoweo kwanza. Mteja yeyote atakayepanda ataketi atulie hadi Mjomba avue changu wake wawili watatu kwa mshipi. Baada ya hapo wafanye watakalo. Wateja wengine wananung'unika. Mmoja alisema ndiyo sehemu aliyoipenda kuliko zote, akaomba afundishwe.

Mwezi wa kumi uliopita maji yalitakata kama kawaida. Mjomba ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na tarehe ya kupasuliwa imeshaahirishwa mara mbili. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaona samaki kabla yangu. Sasa ananiuliza, "Wapo?"

Asubuhi moja hatukuwa na mteja. Changu walikuwa wameshapatikana, wanarukaruka miguuni mwetu. Akaniambia nimpe kile kijiti. Rangi imebanduka, kina alama za meno hadi kwenye mbao. Akarusha vibaya, si mbali, akaanza kuvuta, uso ameuelekeza pembeni kama anayesikiliza redio. Kolekole mmoja akapanda kutoka kilindini.

"Yupo, Mjomba. Nyuma yake."

"Mkubwa?"

"Wa kadiri. Anakuja. Mlegeze."

Akalegeza. Samaki akasimama, akakitazama kijiti, na sisi tukangoja.