Sinema ya Utepe na Subira ya Wazee Wetu

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunapenda kuongea nanyi juu ya sinema. Si hii ya simu, bali ile ya utepe waliyoiona wazee wetu kabla sisi hatujazaliwa.

Hapa kambini Rusizi watoto wanaangalia filamu watatu wanne, wameinamia simu moja. Mwenye simu akichoka anaruka mbele. Akiitwa na mama yake, filamu imekwisha kwa wote. Watoto walidhani ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, basi tukamwomba mzee mmoja aliyekulia Kivu aje darasani awaeleze.

Alianza na mashine. Filamu ilikuwa utepe mrefu wenye picha ndogo ndogo, upana milimita 35 kwa majumba makubwa ya mjini, na milimita 16 kwa zile zilizozungushwa vijijini. Pembeni una matundu, na meno ya mashine yanayashika na kuuvuta utepe mbele ya taa kali. Picha 24 zinapita kila sekunde. Kila moja inasimama kidogo tu, na utepe unaposogea kuna kibati kinachoziba mwanga. Kumbe kitambaa kinaingia giza kila mara, ila jicho halitambui!

Watoto walipiga hesabu ubaoni: dakika moja ni picha 1,440. Kwa utepe wa milimita 16 hiyo ni karibu mita 11, na saa nzima ni karibu mita 660. Wakatoka nje kupima dakika moja kwa hatua. Walishangaa sana.

Basi filamu ilikuwa mzigo, ilibidi ibebwe. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa Waingereza kule Vugiri, Tanganyika, uliotengeneza filamu za kuonyesha Waafrika na kuzizungusha kwa lori. Sauti ilikuwa kwenye santuri, mbali na picha. Miaka ya 1950 mapadri wa Kibelgiji walifanya kazi kama hiyo Kongo, na Padri Albert Van Haelst alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili kule Kasai. Kule Zanzibar nako, majumba mawili ya sinema yaliweza kugawana nakala moja. Rili ikiisha hapa, kijana wa baiskeli anaikimbiza kule, na watu wanasubiri.

Tuseme ukweli, nyingi ya filamu za wakati wa ukoloni zilimfundisha mtu mzima kama vile ni mtoto. Mzee alituambia watu waliliona hilo, na walicheka pale walipotaka wenyewe.

Kisha akaeleza habari ya kukatika. Utepe ukikwama mbele ya taa, unaungua. Kwenye kitambaa mnaona doa la kahawia linapanuka, halafu mwanga mtupu. Mtoto mmoja akauliza: «Sasa babu, si mngerudi nyumbani tu?» Mzee akajibu: «Turudi vipi, mwanangu, na mwisho hatujaujua?»

Darasa lilicheka. Sisi walimu tulitazamana.

Wakati fundi anatengeneza, watu waliongea. Aliyejua Kifaransa alimfafanulia mama yake. Aliyechelewa alisimuliwa mwanzo. Fundi alikata sehemu iliyoungua, akaunganisha kwa gundi, na kazi ikaendelea. Lakini picha kadhaa zimepotea: mtu alikuwa mlangoni, mara ameshakaa kwenye kiti. Msichana wa darasa la nne akauliza ni nani atakayejua kilichotokea katikati. Mzee akasema: «Ni yule aliyeiona kabla haijakatika.»

Ndugu zetu, hapo ndipo tunapotaka kufika. Watoto wengi humu hawajui habari ya kijiji cha babu zao, wala njia iliyotuleta hapa. Kwao mtu alikuwa kule, mara yuko hapa. Wanaojua katikati ni wazee, na wazee wanatutoka mmoja mmoja. Wengine tumewazika mbali na kwao. Simu haitawasimulia watoto habari hizo.

Kwa hiyo tunawaomba, papa na mama, njooni darasani kila Alhamisi baada ya masomo. Kila mmoja asimulie anachokumbuka, hata kama ni kidogo, hata kama ni sinema tu. Na nyumbani, watoto wakiangalia filamu, isimamisheni kidogo, muulize aliyeelewa amweleze asiyeelewa. Mkisikia vibaya kuacha kazi za nyumbani, njooni nazo. Maharagwe yanaweza kuchaguliwa hata darasani, na watoto watasaidia.