Mahindi Hayakutoka India

Huenda umeketi na jamaa yako, ugali umegeuzwa sahanini na sukuma wiki iko kando yake inatoa mvuke. Kabla hujamega tonge la kwanza, hebu nikuulize swali dogo. Kati ya vyakula hivyo viwili, cha kwetu ni kipi?

Kama umejibu "vyote", hauko peke yako. Nimewauliza majirani swali hili, nikaliuliza ndani ya matatu na hata arusini, na jibu ni lilo hilo. Lakini ukweli ni kwamba hakuna hata kimoja. Mahindi ni mzaliwa wa Mexico, ambako wakulima waliyatoa katika nyasi ya porini miaka ipatayo 9,000 iliyopita. Huku kwetu yaliletwa na Wareno, wale ambao Vasco da Gama wao alitia nanga Malindi mwaka wa 1498. Sukuma wiki naye ni ndugu wa kabichi, na ukoo wao ni wa Ulaya, pande za bahari ya Mediterania. Nyanya zilizomo ni za Amerika, na kitunguu asili yake ni Asia. Ukiondoa hivyo, sufuriani kwabaki maji na chumvi!

Utaniuliza, kama ni ya Mexico mbona yakaitwa mahindi, yaani ya Kihindi? Usiwacheke wazee wetu wa pwani. Bidhaa nyingi ngeni walizozijua zilitoka India, na jina hilo halikuwa mbali. Waitalia nao, mahindi yalipowafikia, waliyaita nafaka ya Uturuki. Kila mtu alimsingizia jirani yake.

Sasa tazama ukwaju. Waarabu waliuita tamri hindi, maana yake tende ya India. Wazungu wakalichukua jina hilo kwao, na wataalamu wa mimea nao wakaandika India katika jina la kisayansi. Kumbe mkwaju ni mti wa Afrika hasa, unaojiotea Ukambani na pwani bila kupandwa na mtu! Basi mahindi ya Mexico sisi tumewapa Wahindi, na ukwaju wetu ulimwengu umewapa Wahindi hao hao, ambao hawakuomba chochote.

Majina ya matunda yamejaa visa vya aina hii. Pera kwa Kireno ni tunda jingine kabisa, lile la Ulaya lenye shingo nyembamba, lakini sisi jina hilo tumelivisha tunda la Amerika lenye mbegu nyingi za kukwama menoni. Mbatata pia ni neno la Kireno. Nanasi ndilo lililosafiri na kitambulisho chake, kwa kuwa jina hilo lilitokana na lugha ya wenyeji wa Brazili, nalo likafika nalo mpaka Thika. Na ukilimenya, ujue kwamba hulimenyi tunda moja. Kila jicho unalolichimbua kwa kisu lilikuwa ua lake peke yake, kisha yote yakashikana yakawa kitu kimoja.

Wanafunzi, hapa ninyi ndio ninaowalenga. Mkinunua mahindi ya kuchoma jioni, hesabuni mistari ya punje kuzunguka gunzi. Mtapata 12, au 14, au 16, na ni nadra mno kupata hesabu isiyogawanyika kwa mbili. Tena zile nywele mnazozitupa, kila unywele ulikuwa njia ya punje moja. Gunzi likiwa na mapengo, jueni kuna nywele ambazo hazikupata mbelewele.

Aliye Kilifi au Kwale hahitaji kuelezwa habari ya korosho, lakini sisi wa bara tunaijua ndani ya karatasi tu, imekwisha kukaangwa. Huko mtini, bibo linaning'inia jekundu au la manjano, na korosho imetokeza nje kwa chini kama mtu aliyefungiwa mlango. Bibo lenyewe ni kikonyo tu kilichovimba. Tunda halisi ni ile korosho, na ganda lake lina mafuta yanayochoma ngozi vibaya sana. Ndiyo maana huuziwi na ganda lake, na ndiyo maana bei yake inakufanya uhesabu moja moja.

Lakini kwangu mimi hakuna kisa kinachoishinda kahawa. Asili yake ni misitu ya Ethiopia, jirani yetu wa mpakani. Ungetarajia ivuke mpaka kwa miguu, siyo? La hasha! Ilivuka bahari ikaenda Yemen, ikalimwa huko karne nyingi. Wafaransa wakaitoa Yemen wakaipeleka kisiwa chao cha Bourbon, ambacho leo chaitwa Réunion, mashariki ya Madagaska. Kutoka kisiwa hicho wamishonari wa Kikatoliki wakaileta Bura, katika milima ya Taita, mwaka wa 1893. Mtoto wa jirani alipita baharini ndipo akabisha hodi kwetu. Chai nayo ilikuja miaka 10 baadaye, ikapandwa Limuru mwaka wa 1903, na leo mtu akikaribishwa nyumbani asipewe chai, atasema amedharauliwa.

Mimi sina ugomvi na wageni hawa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na ni kweli mihogo na mahindi vimetuvusha miaka mingi ya njaa. Kinachonisumbua ni huyo mwenyeji. Yuko wapi?

Mwaka jana mama yangu alikuja Nairobi kututembelea. Ana miaka 78 na ametoka Kakamega. Asubuhi ya pili tulimkosa nyumbani. Tulimpata nyuma ya ukuta wa mtaa, penye kiwanja ambacho hakijajengwa, ameinama anachuma majani na kuyatia katika leso. Mlinzi alikuwa amesimama kando yake, hajui kama amkataze au amsaidie. Mwanangu wa darasa la tano akaona haya.

"Nyanya, hayo ni magugu!"

"Magugu?" Mama hakuinuka. "Hii ni lisutsa, mjukuu wangu. Baba yako alikua kwa hii."

Lisutsa ndiyo managu ya sokoni, mnavu kwa Kiswahili sanifu. Wajaluo huiita osuga, Wakisii rinagu. Kila kabila lina jina lake, jambo ambalo kwangu linatosha kuonyesha kwamba mboga hii haikushuka jana kutoka melini. Vivyo hivyo mgagani, ambayo sisi twaiita tsisaga na Wakisii chinsaga. Iko pia kunde, ambayo ni ya Afrika majani na mbegu zake. Katika nafaka tuna mtama na wimbi, wenyeji wa bara hili waliosafiri mpaka India maelfu ya miaka iliyopita. (Hawa ndio waliokwenda India kweli, wala hakuna aliyewapa jina la safari hiyo.) Hata tikiti maji ni la Afrika, na mbegu zake zilikutwa katika kaburi la Tutankhamun huko Misri.

Mboga hizi si chakula cha masikini, ingawa kwa miaka mingi ndivyo zilivyosemwa. Majani ya mnavu, mgagani na mchicha yana madini ya chuma, kalsiamu na vitamini A kuliko kabichi nyeupe tunayoilipia pesa. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, amezichunguza kwa miongo kadhaa, na sababu yake ilianzia utotoni. Mwili wake ulikuwa ukikataa vyakula vya wanyama kama maziwa na samaki, akalelewa kwa mboga za kienyeji. Mwaka wa 2021 shirika la UNESCO liliitambua kazi ya Kenya ya kuvihifadhi vyakula vya asili kuwa mfano mwema wa kuigwa. Na ukienda sokoni leo utazikuta, tena kwa bei ambayo ingemshangaza nyanya yako.

Hata hivyo uliza zilikokuzwa. Kuna watu wanaonyweshea mboga maji machafu kando ya mito ya jiji, na jani halina mdomo wa kukuambia. Mama mwenyewe nilimsihi aachane na za nyuma ya ukuta, maana mtaro ulikuwa hatua tatu tu. Alinuna mpaka chakula cha mchana.

Kilichomuudhi zaidi kilikuwa sokoni. Aligeuza fungu baada ya fungu la managu, yale ya majani mapana kama kiganja, akayarudisha. Ni mboga nzuri, alisema, lakini si ile yake. Yake ina majani madogo, uchungu wake ni mkali, na matunda yake yakiiva huwa na rangi ya machungwa, tukiyala tulipokuwa tukichunga ng'ombe. (Mabichi hatukugusa. Yana sumu.) Mbegu zake hazikupata kununuliwa dukani. Zilikaa katika kibuyu juu ya meko, moshi ukiwafukuza wadudu, zikitoka kwa mama mkwe hadi kwa mkaza mwana. Hapa Kenya iko benki ya mbegu kule Muguga, iliyoanzishwa mwaka wa 1988, nami naishukuru. Lakini benki haiwezi kumwambia mwanangu ni jani lipi la kuchuma na lipi la kuacha. Anayejua hilo katika ukoo wetu amebaki mmoja, na dada zangu wote wawili wanapikia gesi.

Alipokuwa akiondoka alimwachia mjukuu wake kifundo cha mbegu kilichofungwa katika kipande cha kanga. Tulichukua beseni kuukuu, tukalitoboa chini, tukatia udongo na samadi, tukaliweka kibarazani. Kama nawe unataka kujaribu, usizifukie sana, zipake udongo tu, na unyweshe jioni. Yetu tuliianza kuichuma wiki ya sita. Kuna jambo mama alilolisisitiza kwa simu mara tatu: chuma ncha kwa vidole, usikate kwa kisu wala using'oe, nayo itachipua tena ubavuni.

Upishi wake ni kazi ya siku mbili. Ya kwanza unaichemsha kwa magadi kidogo, unatia maziwa na kuiacha. Usiku huo mwanangu alionja kijiko kimoja akaomba mkate. Siku ya pili tukaipasha moto, tukaongeza maziwa, na binti yangu mdogo ndiye aliyekwangua sufuria.