Barafu, Tarakilishi na Mvua ya Ikutha

Ukitaja barafu mbele ya mzaliwa wa Ikutha, atadhani unamfanyia mzaha. Kwetu ni kusini mwa Kitui, nchi ya mibuyu na vumbi jekundu, ambako watu hufukua mchanga wa mto mkavu ili wapate maji. Hata hivyo, ni katika ardhi ya Ukambani ambako Ludwig Krapf, yuleyule ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Wakamba waliuita Kĩ-nyaa. Wengi husema jina hilo latokana na mbuni, nyaa, ambaye manyoya yake meusi na meupe hufanana na miamba na theluji ya mlima. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley alikataa katakata kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta.

Mimi nilivutwa na somo hili na njaa. Kati ya mwaka 2020 na 2023, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila kutosheleza, nami nikataka kujua kama ukame wa namna hiyo umewahi kuwapo. Daftari za mvua hazirudi nyuma sana. Barafu hurudi.

Mwaka 2000, Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State na wenzake walitoboa barafu ya Kilimanjaro na kutoa mihimili sita. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2002 walikadiria kuwa barafu ya chini kabisa ilikuwa na umri wa miaka 11,700 hivi, ingawa wataalamu wengine wameubishia umri huo. Ndani yake mlikuwa na tabaka la vumbi la ukame mkubwa wa takriban miaka 4,000 iliyopita. Vumbi, ndugu msomaji! Hilo sisi twalijua. Walitabiri pia kwamba barafu hiyo ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Mwaka 2020 ulipita ikiwa bado ipo, maana utabiri huo ulikuwa kama kuchora mstari ulionyooka na kuurefusha mbele.

Kielelezo cha tarakilishi hufanya kazi kwa njia nyingine. Hupewa halijoto, unyevu, mawingu, upepo na miale ya jua, kisha hupiga hesabu ya barafu iliyoingia na iliyotoka, mithili ya daftari la mwenye duka. Rainer Prinz na wenzake walikitumia kwa barafu ya Lewis katika Mlima Kenya, ambayo ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Kituo chao cha hali ya hewa kilikuwa kwenye mwinuko wa mita 4,828. Matokeo yao ya mwaka 2016 yalinishangaza: barafu hiyo huathiriwa zaidi na unyevu wa hewa. Theluji mpya ni nyeupe, nayo hurudisha miale ya jua angani. Ikikosekana, barafu kuukuu hupata weusi na kuyeyuka. Ingetosha theluji ya mwaka iongezeke kwa asilimia 30 ili barafu iache kupungua, hata bila halijoto kubadilika sana.

Lakini walipokipa kielelezo barafu pana ya mwishoni mwa karne ya 19, hesabu ilikataa. Hata hali zile za neema zilizotokana na vipimo vya leo hazikutosha kuilisha. Huenda hewa na barafu vilihusiana kwa namna nyingine kabisa wakati huo. Mimi naona kushindwa huku ndiko sehemu yenye thamani zaidi ya kazi yao, kwa kuwa kunatuonyesha kwamba mlima ulipata kuishi katika hali ambayo vipimo vyetu havijaiona.

Nilipomsimulia mwaitu haya yote, alisikiliza kwa makini, kisha akaniuliza kama hiyo tarakilishi yaweza kumwambia apande mahindi au mtama mvua za Oktoba zikikaribia. Nikamjibu kwamba bado haiwezi. Akavuta ungo, akaendelea kuchagua mbegu za mtama.