Mizani Nane, Baiti Nane

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hana budi kuwa mhesabu. Mshororo wa utenzi una mizani 8. Wa tarbia, aghalabu, una 16, yaani 8 za ukwapi na 8 za utao. Kwa kuwa tungo ninazozishughulikia katika tasnifu yangu ni nyingi na macho ni mawili tu, niliazimia kuunda programu fupi ya kunisaidia. Niliiandika kwa lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nia ilikuwa mshororo upokelewe kama safu ya herufi, kisha ukatwe vipande vyenye ukubwa mmoja.

Lugha ya C haijui neno wala silabi, inajua baiti. Safu ya herufi ni baiti zilizopangwa kwa kufuatana, na matini hufungwa kwa baiti yenye thamani ya sifuri. Ndiyo maana anayetaka kipande cha herufi 8 hutenga nafasi 9. Sifuri hiyo ikikosekana, tarakilishi husoma hadi ng'ambo ya kipande na kuokota chochote kilicholala huko. Aidha, kipande cha mwisho hakijazi kipimo kila mara: programu sharti iangalie herufi zilizosalia, na zikipungua 8 ichukue hizo tu.

Hebu tutazame mishororo miwili niliyoitunga kwa ajili ya jaribio hili: "Mtu mbaya hafai" na "Nyumba mbaya haifai". Wa kwanza una herufi 15 pamoja na nafasi za kati. Ukikatwa kwa nane nane hutoa "Mtu mbay" na "a hafai". Wa pili una 19, nao hutoa "Nyumba m", "baya hai" na "fai". Tarakilishi imetimiza ilivyoamriwa, ila hakuna malenga atakayevitambua vipande hivyo.

Sasa tuhesabu kwa sikio. Mishororo yote miwili ina mizani 8 kamili! Katika ule wa kwanza, "mbaya" ni silabi tatu, m-ba-ya, kwa kuwa m ni kiambishi cha ngeli ya A-WA. Katika ule wa pili, ni mbili tu, mba-ya, kwa mujibu wa ngeli ya I-ZI. Herufi ni zile zile tano, tena kwa mpangilio ule ule. Programu inayoipa "mbaya" idadi moja popote pale itamtangaza mtunzi mmojawapo kuwa ametunga guni, ilhali hana hatia. Kwa tasnifu inayopima urari wa mizani, hilo si jambo dogo.

Miswada ya hati za Kiarabu ina utata wake. Katika mfumo wa UTF-8 kila herufi ya Kiarabu huchukua baiti 2. Mtu angedhani kwamba, maadamu 8 hugawika kwa 2, hakuna herufi itakayopasuliwa. Lakini nafasi kati ya maneno ni baiti 1, na nafasi moja yatosha kuuvuruga mpango wote. Dawa yake, kwa bahati, ni nyepesi: baiti ya pili ya herufi huanza kwa biti 1 ikifuatwa na 0, hivyo programu ikiangukia hapo hurudi nyuma hatua moja kabla ya kukata.

Kwa mb na mv sijapata dawa nyepesi kiasi hicho. Siku hizi programu yangu hukata kwa kufuata irabu, na ikikutana na jozi hizo mwanzoni mwa neno hunitolea mshororo mzima kando. Neno "mbuni" ndilo huniletea mishororo hiyo mara kwa mara: ndege ni mizani 2, mti wa kahawa ni 3. Huisoma kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, na kujaza idadi kwa mkono.