Hojaji Zipandazo Uluguru na Haki ya Wanaohojiwa

Wazazi wenye watoto vyuoni wanaijua simu ya mwezi wa saba. Kijana hujulia hali, huulizia wadogo zake, kisha hufikia alilopigia: anahitaji fedha za kwenda fildi, za kuchapa hojaji na nauli ya vijijini. Mzazi hutuma alichonacho, akikihesabu kuwa sehemu ya gharama za shahada kama ilivyo ada. Ni wachache wanaouliza: huko uendako utamhoji nani, kuhusu nini, na akishakujibu utayafanyia nini maneno yake? Naomba maswali hayo yaulizwe nyumbani kabla fedha haijatumwa, na nitaeleza kwa nini.

Msikiti ambao mimi ni katibu wa kamati yake uko upande wa barabara ya Bigwa, chini ya milima ya Uluguru. Wakulima wanaoteremka alfajiri na ndizi, pilipili manga na mdalasini kutoka Kiroka, Mkuyuni na Kinole husali adhuhuri kwetu kabla ya kurejea kwao. Kwa ajili hiyo wanafunzi wamezoea kutujia, nao hapa mjini ni wengi. Kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo tangu mwaka 1984, kipo Chuo Kikuu cha Waislamu kilichofunguliwa mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa chuo cha TANESCO, na Mzumbe hakiko mbali. Mwanafunzi huja na barua ya chuo iliyokwisha kupita kwa Katibu Tawala na kwa mtendaji wa kata. Lakini anajua kwamba barua hiyo itamfikisha kwa mwenyekiti wa kijiji tu. Ili afunguliwe mlango wa nyumba na apewe kigoda, anataka na salamu za msikiti.

Kuziandika salamu hizo ni kazi yangu. Neno lenyewe katibu tumelipokea kutoka Kiarabu, nayo Aya ya 282 ya Suratul Baqarah, ndefu kuliko aya zote, inazungumzia kuandikiana deni, ikimtaka mwandishi asikatae kuandika na aandike kwa uadilifu. Tangu nikiwa chuoni aya hiyo imekuwa karibu nami, na naona inamhusu mwanafunzi mwenye hojaji kama inavyonihusu mimi. Anayeyaandika maneno ya mtu amekwisha kuishika haki yake mkononi.

Watu wa mlimani wamehojiwa mno. Nilimsikia mzee mmoja akimwambia mwanafunzi kwa upole kabisa: "Mjukuu wangu, mwaka jana alikuja mwenzio akatuuliza haya haya. Majibu tuliyompa yako wapi, nawe usihangaike kuandika upya?" Kijana hakuwa na la kusema. Bila shaka majibu yale yapo, yamejalidiwa vizuri na kuwekwa kwenye rafu ya maktaba, tena kwa Kiingereza, lugha ambayo mzee yule haisomi. Yeye alitoa asubuhi yake nzima akapewa soda. Siwalaumu wanafunzi peke yao. Utaratibu umempa nakala msimamizi, mtahini na mkutubi. Mwenye maneno ndiye aliyesahauliwa.

Na ipo sababu ya zamani zaidi ya kumwogopa mgeni mwenye karatasi. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliona kwamba udongo wa Uluguru unamomonyoka, jambo ambalo lilikuwa kweli, ikawalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Wakulima walikwisha kuona kwamba uchimbaji ule unafukia udongo wenye rutuba na kuleta juu udongo wa chini usiozaa, na kwamba siku zao za kazi zinamalizikia kwenye matuta. Hakuna aliyewauliza. Mwaka 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga, ghasia zikazuka, polisi wakaingilia, na mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo mradi ukaachwa. Kitabu cha Roland Young na Henry Fosbrooke kuhusu ardhi na siasa za Waluguru kilitoka mwaka 1960, miaka mitano baada ya maziko yale. Laiti angepanda mtu kuuliza kabla ya jembe la kwanza kupigwa!

Sasa nieleze lililotokea kwetu. Miaka michache iliyopita alikuja binti wa mwaka wa tatu wa sheria, akitaka kujua yanayowapata wajane katika mashamba waume zao wanapofariki. Kwa Uluguru mada hiyo ni nzito. Waluguru hufuata ukoo wa mama: ardhi ya ukoo hupita upande wa kike, na mjomba ana sauti kubwa. Mume akifa, watoto wa dada yake wanaweza kulidai shamba alilolima na mkewe kwa miaka thelathini. Papo hapo Waislamu hao hao wana mirathi iliyokwisha kupangwa na Mwenyezi Mungu (SW), ambamo mjane aliyeachwa na watoto wa marehemu ana thumni yake na watoto wana mafungu yao. Kisha iko Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, isiyoitambua mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Migomba ni ileile, na juu yake zimekaa sheria tatu.

Safari ya kwanza nilimsindikiza mimi na mke wangu. Katika kijiji kimoja juu ya Mkuyuni tulimkuta bibi akianika pilipili manga uani. Aliusikiliza utangulizi wote wa binti, tena mrefu, kisha akauliza: "Mwanangu, nikishakueleza, mimi nitabaki na nini?"

Binti alinyamaza kidogo. "Bibi, nitarudi nikusomee nilichokiandika. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi."

"Haya. Kaa basi."

Wapwa wa marehemu walikuwa wakidai mashamba matatu, na bibi naye akidai yote matatu. Kila upande ulikuwa na hoja na kila upande ulikuwa na hasira. Binti hakuuliza shamba ni la nani. Aliuliza lilipatikanaje, mwaka gani, mbele ya nani, na nani alipanda nini. Siku tatu akizunguka kwa wazee wa pande zote mbili, ikadhihirika kwamba shamba la kwanza, la kando ya kijito, lilikuwa la ukoo wa mume, naye alipewa kulima tu. La pili lilinunuliwa kwa fedha za pilipili manga, na shahidi mmoja wa mauziano alikuwa bado hai. La tatu lilikuwa pori walilofyeka mume na mke pamoja, na migomba yote ilipandwa kwa mikono ya bibi.

Nimesoma mirathi darasani na naweza kupanga mafungu nikiwa nimefumba macho. Lakini mafungu hupigwa juu ya kile alichomiliki marehemu. Sheikh hawezi kumtolea mjane thumni katika ardhi ambayo marehemu aliazimwa, wala ukoo hauwezi kutwaa ardhi aliyoinunua kwa fedha yake. Na lile la tatu lina swali zito kuliko yote: jasho la mke lihesabiwe kuwa urithi wa mumewe? Misikitini tunagombana sana juu ya hukumu, ilhali mara nyingi hatujajua tunahukumu nini.

Masika yalipokwisha binti alirudi na kurasa mbili za Kiswahili chepesi, bila jina la mtu hata mmoja. Alizisoma baada ya sala ya Ijumaa chini ya mwembe ulio nje ya msikiti wa kijiji, wanawake wakiwa wamejaa. Akaeleza kwamba kila kijiji kinatakiwa kuwa na Baraza la Ardhi lenye wajumbe saba, wanawake wasipungue watatu, na kazi yake ni kusuluhisha. Wengi waliokuwapo hawakuwa wamelisikia. Bibi alikwenda barazani mwenyewe. La kijito alilirudisha kwa ukoo bila ugomvi, na la pili likagawanywa kwa mirathi, wapwa wakiwa wamekwisha kumsikia shahidi. La tatu lilishinda usuluhishi. Linasubiri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na mpaka naandika haya migomba yake inavunwa kwa kupokezana, wiki kwa wiki.

Tuliporudi, kamati yetu iligawanyika. Mzee mmoja alisema msikiti si ofisi ya utafiti. Mwingine, ambaye namheshimu kama baba, alihofu kwamba mambo ya ardhi yana harufu ya siasa na yatatuletea maneno. Hofu yake ina msingi. Nilichowakumbusha ni habari ya Jabir bin Abdillah (RA), aliyenunua ngamia akasafiri mwezi mzima mpaka Sham ili aisikie hadithi moja tu kwa Abdullah bin Unays (RA). Na hadithi yenyewe ilihusu dhuluma: kwamba hakuna atakayeingia Peponi akiwa na haki ya mtu juu yake mpaka ilipwe, ijapokuwa ni kofi. Safari ndefu ya kutafuta elimu, na elimu yenyewe ni haki za watu.

Uamuzi ukawa huu: hatuandiki salamu kwa mwanafunzi asiyetia saini kwamba atarudi kijijini na kurasa mbili za Kiswahili, majina yakiwa yamefichwa, azisome mbele ya waliomjibu na nakala moja ibaki ofisi ya kijiji. Wako walioondoka wakinuna. Wako waliotia saini na hatujawaona tena; namba zao ninazo na ninawapigia.

Asidhani mtu kwamba kazi ya mwanafunzi ni ndogo mno kwa deni kama hili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa historia pale Mlimani, Dar es Salaam, walitumwa kukusanya masimulizi ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 kwa wazee waliokuwa wangali hai. Wangechelewa miaka kumi, sehemu kubwa ya masimulizi hayo ingezikwa. Wakati huo huo mwanafunzi Daisy Sykes aliandika habari za babu yake, Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa African Association mwaka 1929 na wa Al-Jamiatul Islamiyya mwaka 1933. Zilichapwa mwaka 1973 katika kitabu alichokihariri John Iliffe, na hadi leo anayetaka kuijua nafasi ya Waislamu wa Dar es Salaam katika siasa za awali za Tanganyika hawezi kuzipita. Ilikuwa kazi ya mwanafunzi, juu ya mtu wa nyumbani kwao.

Mwezi uliopita alikuja kijana wa kilimo, anataka kuuliza habari za maji. Mto Ruvu unatoka milima hii na unanywewa Dar es Salaam, na huko nyuma mashirika ya CARE na WWF yaliwahi kuendesha mpango wa kuwalipa wakulima wa Kibungo Juu ili wayahifadhi maji hayo. Nilimpa fomu yetu, akatia saini. Kijijini, kabla hajafungua hojaji yake, wenyeji walimwambia wao pia wana ya kuuliza: nani hulipa kwa ajili ya maji yao leo, hulipa kiasi gani, na kwa nini vijana wao hukatazwa kulima kando ya vijito bila kuelezwa mwisho wa mpaka uko wapi. Kijana alifungua ukurasa mpya akayaandika maswali yao kwanza. Tumekubaliana arudi baada ya Ramadhani, na msikiti umeahidi kumlipia bodaboda kutoka Mkuyuni.